Jiwe la Asifiwe Juu ya Meza ya Benki

Saa tatu asubuhi, Asifiwe Mwakalonge anazunguka chungu kinyumenyume. Chungu kimetulia chini, yeye ndiye anayezunguka, na mkononi ana kijiwe cheusi anachosugulia tumbo la chungu mpaka ling'ae. Kijiwe hicho alikirithi kwa bibi yake.

"Bila hiki mimi si mfinyanzi, ni mtu mwenye tope tu," anasema, akicheka.

Kicheko kinakatika anapotazama mawingu. Masika iliyopita mvua ilimkuta moto ukiwaka uwanjani, na vyungu arobaini vikapasuka kwa saa moja. Sasa hoteli moja ya Mbeya imemwagiza vyungu mia mbili. Asipopata banda la bati, oda hiyo itakwenda na maji.

Banda linataka shilingi milioni mbili. Asifiwe, mwenye miaka 52, alipanda mtumbwi kutoka kijijini kwake, kando ya Ziwa Nyasa, hadi Mwaya, kisha bodaboda hadi Kyela mjini, kwenye benki anakoweka akiba kwa mwaka wa tisa.

Kwa wafinyanzi wa kijiji chake, anayekopa humwachia mkopeshaji jiwe lake, na hafinyangi mpaka alipe. Kwa hiyo ofisa mikopo, Gaudence, alipomwomba dhamana, mama huyu alifungua pindo la kanga na kuweka jiwe mezani.

"Nilipigwa na butwaa," anakiri Gaudence, mzaliwa wa Bukoba. "Nilidhani ameniletea dawa."

Butwaa la pili likawa la Asifiwe.

"Mama, hata sisi tunaweka rehani," Gaudence alimweleza. "Benki ikipungukiwa hukopa Benki Kuu, na Benki Kuu ina orodha ya dhamana inazopokea. Hati fungani, yaani karatasi za fedha tulizoikopesha serikali, inazipokea. Mkopo wa mfinyanzi asiye na hati ya kiwanja hauna pa kupelekwa. Ndiyo maana wakubwa wetu wanapenda zaidi hizo hati fungani."

"Kumbe benki nayo ina wa kumwogopa!" Asifiwe alishangaa. Kisha akauliza lililomkaa rohoni: "Na akiba yangu iko wapi, baba?"

"Sehemu kubwa ya akiba za wateja tumenunulia hati hizohizo, mama."

"Yaani fedha yangu inakopesheka, mimi mwenyewe sikopesheki?"

Gaudence alimsogezea jiwe lake, akamwambia arudi akiwa na hati ya kiwanja.

Asifiwe anasimulia: "Miaka tisa nawasalimia pale mlangoni!"

Alitoa akiba yake, laki tisa, akaacha elfu tano tu ili akaunti isife. Kijijini wafinyanzi wenzake wanne walichangishana fedha za banda zilizobaki. Alipotoa jiwe kama ilivyo desturi, mmoja wao, jirani yake Veronika, alilirudisha kiganjani mwake.

"Ukiniachia hili, vyungu mia mbili atang'arisha nani?" alimuuliza. "Tutalipwa kwa fedha gani, mwenzetu?"

Asifiwe alilia waziwazi. "*Ndaga fijo*," aliwaambia, yaani asanteni sana. Walikubaliana kwamba wote watano watachomea vyungu bandani mwake hadi deni liishe.

Nguzo tayari zimesimama. Akilipwa oda hiyo, Asifiwe anapanga kupimisha kiwanja chake na kurudi mjini.

"Hati nitampelekea Gaudence, aipeleke hata huko Benki Kuu," anasema, akiinamia chungu. "Jiwe hapana. Lile wanapewa watu wanaojua uzito wake."