Upande wa Mlima

Kwetu Mweiga mtu akiamka hutafuta mlima kwanza, maji ya kunawa baadaye. Hata ukungu ukiufunika tunajua ulipo, kwa sababu jua hutokea huko huko. Baba alikuwa akisimama uani kila asubuhi, uso kwenye mlima, makao ya Mungu wa wazee wetu, mikono juu, akiombea ng'ombe, watoto, mvua, na hata jirani mmoja aliyekuwa akituibia viazi. Mama alikuwa mtu wa kanisa, lakini alisimama nyuma yake akimwitikia, "Thaai," yaani amani iwe. Watu wa misheni walinung'unika. Wacha wanung'unike.

Baba alichukuliwa na askari wa Mwingereza wakati wa Hali ya Hatari, nikiwa mdogo. Uhuru ulipokuja wengine walirudi wakiwa wamekonda, wakapigiwa vigelegele. Wetu hakurudi. Mwishowe mtu mmoja wa Murang'a aliyefungwa naye alikuja kwetu, akanywa chai, akasema alimwacha Mombasa, ndani ya Fort Jesus, siku ambazo ngome ile ilikuwa jela, na kwamba alikuwa akikohoa damu. Basi, ni hayo tu. Hatukupata barua wala kaburi.

Mama hakuwahi kuuliza alikufaje. Swali lake lilikuwa moja, na aliniuliza mimi miaka nenda miaka rudi: "Huko alijua mlima uko wapi?" Aliamini kwamba mtu akifa akijua upande wa mlima, hata awe mbali namna gani, hajapotea. Asipojua, amepotea kabisa. Haya, mjibu mtu kama huyo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Nyeri mjini. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Mhindi wa vitambaa, sina mume, sina mtoto, na jioni nilikuwa nikila peke yangu nikisikiliza familia yake ikicheka ng'ambo ya ukuta. Nilizoea, lakini kuzoea si kupenda. Darasani nilifundisha hiyo hiyo Fort Jesus. Nilichora pwani ubaoni, nikachora na dira, kaskazini juu, mashariki mkono wa kulia, na sikuwaambia watoto kwamba mle ndani kuna baba yangu.

Mama alipoanza kuugua miguu alisema hataki kufa na swali mdomoni. Likizo ya Agosti nikapanda treni.

Nilifika Mombasa nimevaa sweta, ushamba wetu wa milimani, nikalivua na kulifunga kiunoni. Langoni nilikuta watoto wa shule fulani wakitembezwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa, mfanyakazi wa pale, nikajiunga nao nyuma. Mzee alisimulia vizuri, siwezi kumsingizia. Alieleza jinsi Wareno walivyoijenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe, jinsi Waarabu wa Omani walivyoizingira mpaka waliokuwa ndani wakaisha kwa njaa na maradhi. Alitushikisha mizinga. Kila nahodha alikuwa na jina na kila ukuta na habari zake. Kisha akasema, bila hata kupumzika, kwamba baadaye Mwingereza aliifanya jela, na sasa ni makumbusho, twendeni huku tukaone vyungu.

Nilikaa palepale. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na siku hiyo niliyaona kwa macho yangu. Watoto walipoondoka nilimuuliza mzee vyumba vya wafungwa viko wapi. Akanionyesha uwanja mtupu, akasema vilibomolewa wakati ngome ilipokuwa ikitengenezwa. Pale alipolala baba palikuwa na nyasi.

Nikapanda ukutani. Jua lilikuwa halijapanda sana. Sikufikiri, mikono ilijiinua yenyewe kama ya baba. Nililielekea jua, nikafumba macho na kuombea kwa Kikuyu ng'ombe, watoto, mvua, na baba mwenyewe. Nilipofumbua macho mzee wa kofia alikuwa amesimama kando yangu. Aliuliza kwa upole ninakotoka. Nilimwambia Nyeri, na kwamba naomba kuelekea mlima wetu.

"Mwanangu," alisema, "huko mbele yako ni bahari mpaka India. Bara iko nyuma yako."

Niligeuka. Nyuma yangu kulikuwa na mapaa ya mji, na mbali sana, mahali pasipoonekana, kwetu. Mimi, mwalimu wa dira! Lakini mwili wa mtu wa Mweiga haujui dira, unajua kwamba jua likitoka mlima uko hapo. Na baba, ambaye hakuwahi kuona ramani, asubuhi zote zile bila shaka alisimama chini mle uwanjani akililenga jua lililochungulia juu ya ukuta, akiupa mlima mgongo. Nililia kwa sauti, bila haya. Mzee aliniletea maji, akaketi mbali kidogo.

Ndani ya treni nilitunga uongo mzuri. Ningemwambia mama kwamba siku ya anga safi mlima huonekana kutoka ukutani. Nilipofika nilimkuta ameketi mlangoni, akanitazama tu, na uongo ukayeyuka. Nilimweleza kila kitu, mpaka nyasi.

Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini. Kisha akauliza Mombasa iko upande gani. Nilimwonyesha, kule kwenye zizi la ng'ombe.

"Kama hakuweza kututazama," alisema, "sisi tutamtazama."

Kesho yake asubuhi alijikokota na mkongojo mpaka uani, akauacha mlima kushoto kwake na kuelekea zizi. Tangu siku hiyo hakugeuka tena. Majirani walisema ati bibi kizee amerukwa na akili, anaombea mavi ya ng'ombe. Likizo nilisimama nyuma yake nikimwitikia. Hakuniuliza tena lile swali.

Mama amekwenda, nami nimerudi kuishi Mweiga. Kila asubuhi natoka uani, nalielekea zizi, mlima kushoto kwangu, na kuomba kwa sauti. Nikimaliza hakuna wa kuitikia. Najiitikia mwenyewe, "Thaai," halafu naenda kukamua.