Samli ya Mkokoteni

Juzi, jikoni kwetu Balsall Heath, huku Uingereza, mjukuu wangu Sumaya alikuwa akipaka unga wa penseli kwenye misumari inayoshika magurudumu ya kigari chake cha mbao, apate kushinda mashindano ya shuleni. Alikisukuma sakafuni, kikapita bila sauti. "See, Bibi? Hata hukisikii!"

Nikasikia harufu ya samli, na samli haikuwepo.

Nilipokuwa mdogo, mkokoteni wetu wa maji ulikuwa ukilia mpaka mtaa wa pili. Alasiri moja baba alichukua samli ya uji wa mama, maana mama alikuwa ndani, kwenye arobaini ya uzazi wa mdogo wangu Abdalla. Akaipaka kwa vidole kwenye ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, akazungusha gurudumu, akasikiliza, akapaka tena. Mimi nikadhani anatutengenezea mchezo.

"Baba, leo tutakwenda mbio?"

"Mbio sana. Lakini kimya, mama yako asisikie."

Akampandisha dada yangu Halima, aliyekuwa akipumua kwa shida, nami nikamwonea wivu. Baba na jirani yetu Mzee Saidi wakaukokota kwenda hospitali. Sasa najua: mama angeusikia, angetoka awafuate, naye hata kusimama alikuwa hajaweza.

Walirudi magharibi, kimya vile vile, Halima amefunikwa kanga mpaka usoni. Nilidhani amelala.

Siku nyingine baba alipotaka kuupaka mafuta mkokoteni ule, mama alimshika mkono.

"Uache ulie," alisema. "Nataka kusikia nani anaondoka kwangu."