Kitambaa Ndani ya Ngoma

Kabla ya kimbunga, baa ya Lucien katika Mtaa wa Frenchmen haikuwa na kufuli. Haikuwahi kufungwa, iwe Krismasi au msiba, kwa hiyo kufuli la nini? Mhudumu wake wa mchana alikuwa Odalie Fontenette, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali, aliyemwita kila mteja "mpenzi" hata alipokuwa akimtimua. Mumewe, Alcide, alipiga ngoma kubwa kwenye bendi yetu ya barabarani. Mimi napiga ngoma ndogo. Nimezeeka nikitembea ubavuni kwa Alcide, na kikohozi chake nakijua kuliko cha baba yangu.

Kimbunga kilipokaribia New Orleans, Odalie alipanda gari la dada yake kwenda Houston. Alcide akakataa. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, ikiwa ndivyo inavyopasa kusema.

"Nyumba hii nimeijenga mwenyewe," alisema. "Wewe nenda. Tutakutana kwa Lucien, pale mlango haufungwi."

Maji yalipanda mtaani kwao mpaka darini. Alcide hakuonekana tena, si mzima, si maiti.

Odalie alirudi mwezi wa Oktoba. Kando ya barabara kulikuwa na majokofu yaliyotupwa nje na kuzungushiwa utepe, yananuka nyama iliyooza. Maji hayakufika Frenchmen, lakini umeme haukuwepo. Akawasha mishumaa, akauza bia vuguvugu kwa wanajeshi na mafundi wa mapaa. Alifanya kazi kama mtu anayefagia nyumba isiyo yake. Nilipomuuliza anajisikiaje, alinijibu, "Sisikii kitu, shemeji. Nipishe nifute meza."

Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikula bila kujua ninakula nini, na kulala nikalala kwa sababu giza limeingia.

Lakini kila mlango ulipolia, aliinua kichwa. Akiona si Alcide, anarudi kwenye glasi zake.

Mtaa ukaanza kurudi kidogokidogo. Theophile, mpiga tarumbeta wetu, alitokea Atlanta akiwa amenenepa. Tromboni ikarudi. Maharage mekundu na wali wa kila Jumatatu vikarudi, Odalie akitupakulia bila kutukaripia, na hilo lilinitisha. Wageni nao wakaanza kuja kucheza.

Kwetu mtu akifa tunamsindikiza kwa muziki wa taratibu. Mimi hupachika kitambaa chini ya ngoma, kwenye nyuzi za chuma, ili ilie kwa sauti butu. Jeneza likishaachiwa liende zake, nachomoa kitambaa, Alcide ananitupia jicho, tunaanza pamoja, na hapo ndipo watu wanacheza. Kabla ya hapo hakuna kucheza.

"Bi Odalie," Theophile alimwambia siku moja, "tumsindikize Alcide."

"Mtamsindikiza nani? Jeneza liko wapi?"

"Tutabeba picha yake."

"Picha kabebe ya mama yako, mpenzi."

Basi nikapachika kitambaa, na sikukitoa hata tulipopiga mle ndani ya baa.

"Mzee, ngoma yako ina mafua?" mgeni mmoja alinitania.

"Toa hilo tambara," Theophile alininong'oneza kwa hasira. "Watu wanataka kucheza."

"Alcide hajaachiwa bado."

Odalie alisikia. Aliendelea kukausha glasi ile ile.

Alasiri moja Lucien, mwenye baa, akaja na fundi aliyeshika keekee na kufuli jipya. Odalie akasimama mlangoni.

"Hutoboi mlango huu."

"Odalie, sikiliza," Lucien alisema. "Watu wa bima wamegoma. Pasipo kufuli hakuna bima, na pasipo bima hakuna baa. Nifanyeje?"

"Na akija akakuta pamefungwa?"

Mimi na Theophile tulikuwa tumekaa kaunta. Yeye aliangalia ndani ya glasi yake. Odalie alitutazama mmoja mmoja, akisubiri hata mmoja wetu aseme kwamba Alcide atakuja. Nilitamani kusema. Mdomo haukufunguka, na naona aibu mpaka leo, ingawa sijui ningesema nini.

Akasogea pembeni. "Toboa," akamwambia fundi. Kisha akatugeukia. "Jumapili mchana mje na ala zenu."

Jumapili aliwatoa wateja wote nje, naye akatoka, akavuta mlango, akazungusha ufunguo. Ulikuwa mgumu, akaushika kwa mikono miwili. Akautia kwenye mfuko wa aproni, akaweka kiganja juu ya ubao wa mlango, akakiacha hapo.

"Anzeni taratibu," akasema.

Tukapiga taratibu, yeye mbele, sisi nyuma, mpaka kwenye kona. Wageni walidhani ni maonyesho, wakapiga picha. Kwenye kona akatusimamisha. Hakuwa na chozi.

"Shemeji, toa kitambaa."

Nikapindua ngoma. Kitambaa kilikuwa kimegandia kutu, nikakivuta mpaka kikachanika. Nikageuka upande wa kulia ili Alcide anitupie jicho tuanze. Kulia kwangu hapakuwa na mtu. Nikaanza peke yangu.