Amana ya Bwana Nyasi

Kila nipitapo Msambweni msimu wa kuchoma korosho, moshi mkali wa maganda hunikaba koo, nami hugeuza uso. Wanangu hudhani ni kifua. Si kifua, msomaji wangu. Ni aibu, na aibu hiyo ina tarehe yake.

Nilikuwa na miaka kumi, sijatia mguu shuleni. Nyanya, aliyenilea, alilima mpunga na kuuza korosho. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu aliyekuja pwani kutafuta joto la kutuliza kikohozi chake. Alikuwa mwana wa mchunga kondoo, na maisha yake yote aliandika vitabu juu ya mashamba ya kwao: mvua, kuta za mawe, kondoo waliopotelea kwenye theluji. Ukimwita Mwingereza alinuna.

“Mimi Mskoti,” akasema.

“Kunguru na mwewe, baba,” nyanya akamjibu. “Sisi wenye vifaranga tutawatofautishaje?”

Alicheka hadi akakohoa. Tulimwita Bwana Nyasi, maana hapakuwa na jani aliloliacha bila kuuliza jina lake. Alikuwa akiketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akimtazama nyanya akipanda, huku akiandika, akikata, akiandika tena.

Novemba 1963 alikwenda kulazwa hospitali Mombasa. Kabla ya kuondoka alituletea kasha la bati.

“Mama, hiki ndicho kitabu changu cha huku kwenu. Nyumba yangu inavuja.”

Nyanya alilipokea kwa mikono miwili. “Amana ni mzigo, baba. Tumeupokea.” Akalisukuma uvunguni, kisha akanigeukia. “Hili hata panya asilijue.”

Alhamisi, tarehe 12 Desemba, watu walifurika uwanjani kusherehekea Uhuru. Magazeti ya kufungia korosho yalituishia kabla ya adhuhuri, nyanya akanituma nikakate majani ya mgomba. Migomba ilikuwa mbali, na ngoma ilikwishaanza. Nikaenda nyumbani, nikalivuta kasha. Nilichagua karatasi zilizokatwakatwa kwa wino, nikajiambia kwamba mwenyewe amezikataa. Nilijua kuwa najidanganya.

“Karatasi nzuri hizi,” nyanya akasema, akiziviringa. Hakujua kusoma. “Umezitoa wapi?”

“Dukani.”

Nikaenda kucheza ngoma.

Bwana Nyasi alirudi Januari, amekonda. Nyanya alilipangusa kasha kwa ncha ya leso yake.

“Amana yako hii, baba. Haikuguswa.”

Alilifungua, akapekua, na mikono yake ikasita. Akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilipoinua macho, alikuwa amemgeukia nyanya. Kisha akafunika.

“Ahsante, mama. Imetimia.”

“Sisi si watu wa khiyana,” nyanya akasema, na kwa juma zima alitembea kama aliyerudi Hija. Mzee yule alirejea kwao kabla ya masika. Kitabu cha huku, nijuavyo mimi, hakikutoka.

Nyanya alifariki Agosti 1974. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, kidato cha pili, nikiwazidi umri baadhi ya walimu wangu. Katika chungu chake cha mbegu nilikuta mpunga uliofungwa kwa karatasi yenye mwandiko ule. Niliisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Ilimweleza mwanamke apandaye kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uliunguzwa na mafuta ya korosho. Aachaye mstari mmoja wa mpunga bila kuulinda, akisema ndege nao wana watoto.

Hatuna picha ya nyanya. Kurasa nyingine zilizomtaja zilikanyagwa uwanjani, nami nikiwa miongoni mwa waliokuwa wakicheza juu yake.

Baadaye nilifundisha watu wazima kusoma, na marehemu mume wangu alijivunia jambo hilo mbele ya wageni. Hata yeye sikumwambia. Kwa miaka mingi nilidhani mzee yule alinisitiri mimi. Leo najua kwamba mimi hakunifikiria kabisa. Alipolifunika lile kasha, alikuwa akimtazama nyanya.