Pakiti Zilizofunguliwa Bure

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa na mikono mizuri. Naanza na hilo nisije nikaitwa mwongo, kwa sababu mengine nitakayosema juu yake si ya kumsifu. Nilikuwa muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa miaka mingi. Kabla hajashika kisu alitaka kila kitu kiwe kimefunguliwa: nyuzi za kushonea aina tano, glavu za saizi mbili, kompresi, vile vitambaa vya kufyonza damu, rundo zima. Akimaliza, ametumia uzi mmoja, labda nyuzi mbili. Vilivyobaki vilitupwa, maana pakiti ikishafunguliwa haitumiki tena kwa mwingine. Waliovinunua ni ndugu wa mgonjwa, na wao walikuwa wamekaa nje, hawajui.

Mimi nilijua. Nilifungua kwa vidole vyangu hivi na kunyamaza, kwa hiyo nikitafuta mtu wa kudharau, naanza karibu.

Siku moja wakubwa wakaamua madaktari wafundishwe kupunguza gharama za wagonjwa. Semina ilichukua siku nzima, na soda, na nyama ya mbuzi, na fulana mpya zenye maandishi ya Kifaransa. Daktari wetu ndiye aliyesema sana. Kwa maoni yake hasara yote ililetwa na wauguzi wanaomaliza pamba. Fulana yangu niliipeleka nyumbani, nikaipigia deki.

Wiki hiyohiyo aliletwa kwa mtumbwi mwanamke wa Ubwari mwenye ngiri. Mumewe alikuwa ameuza taa zake za kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani, ili anunue vifaa.

"Fungua yote," daktari akaniambia. Nikafungua. Akatumia uzi mmoja.

Nilipotoka, yule mume alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kuhusu vifaa vyake.

"Bintu yote ilitosha, mama?"

"Ilitosha, baba."

Nikarudi ndani, nikaokota pakiti zote kutoka kwenye ndoo, nikazitia katika beseni. Asubuhi, madaktari walipokutana, nikaliweka beseni mezani mbele ya mkurugenzi.

"Mama, ni nini hii?"

"Ni bintu ya ule mama wa Ubwari. Bwana yake aliuza taa kusudi anunue. Hatukutumikisha."

Daktari akacheka. "Mama, we ulisomea wapi upasuaji? Damu ikitoka, nikungoje ufungue pakiti?"

"Niko pembeni yako, Dokta. Kufungua pakiti ni haraka kama kukohoa."

Mkurugenzi akasema jambo hilo ni zito, litazungumzwa kwenye semina ijayo. Wakaendelea na mambo mengine.

Basi nikaacha kungoja semina. Mgonjwa aliyefuata alikuwa mwalimu mzee wa Mboko. Alidungwa sindano ya mgongo, hivyo miguu imekufa ganzi lakini yeye yuko macho, ametengwa nasi kwa kitambaa tu.

"Fungua yote."

"Niambie ya kwanza, Dokta."

"Nimesema yote! Unataka nikuandikie barua ya onyo?"

Sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa: "Dokta, anayelipa ni mi. Umwambie ya kwanza."

Daktari akakikodolea macho kile kitambaa. Mwishowe akataja uzi mmoja. Nikaufungua, akaushika, akashona vizuri kama kawaida yake. Mwalimu alirudishiwa mfuko wake wa vifaa ukiwa karibu kujaa, na mwanawe akaurudisha duka la dawa, akarudishiwa pesa.

Tangu siku hiyo tulifungua kimoja kimoja. Hakuna aliyefia mikononi mwetu kwa kungoja pakiti.

Semina iliyofuata daktari alisimama mbele ya wageni, akaeleza kwa Kifaransa kizuri kile alichokiita mbinu yake. Wakaandika. Wakapiga makofi. Jogoo akidai ameleta asubuhi, asubuhi haipungui. Lakini fulana ya pili sikuchukua.