Websaiti Iliyosema Hakuna Omena

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Homa Bay, nilifika ofisini kabla ya kuku kuamka. Mlinzi alidhani mimi ni mwizi, na mimi nilidhani yeye ndiye bosi, kwa hivyo tukaheshimiana mpaka kukapambazuka. Karani Mkuu alipofika akaniangalia kutoka kiatu mpaka kofia.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, mkubwa. Nikifuata na kidole."

"Na kutembea?"

"Hapo nimefika chuo kikuu."

Akaniandika tarishi hapo hapo. Nyinyi vijana hamjui tarishi, kwa sababu siku hizi barua inatembea yenyewe kwa simu. Serikali ikibadilisha kitu, tuseme siku ya mnada wa ng'ombe ama mahali boda boda zitasimama, karatasi inapigwa chapa, inagongwa muhuri, inaitwa notisi. Mimi nabeba notisi kwa kwapa, na mkono ingine nabeba mkebe wa gundi ya unga wa muhogo, naenda kubandika sokoni, kwa dispensari na kwa beach. Beach kwetu si mahali pa kuogelea, ni mahali boti inashusha samaki. Gundi yangu ilikuwa na sifa. Kuna choo ya soko nilibandika notisi kwa ukuta, baadaye wakabomoa choo yote, na notisi ikabaki imesimama peke yake.

Lakini watu hawakuwa wanasoma. Wanangoja nimalize kubandika, halafu wananiuliza, "Jaote, hiyo imesema nini?" Jaote ni mtu wa kutumwa kwa Dholuo, na mpaka leo hilo ndilo jina langu. Basi nawaambia, na naongeza chumvi kidogo. Notisi ikisema mbwa wafungwe, nasema wafungwe na wavalishwe soksi. Watu wanacheka, na wakicheka hawasahau.

Kutoka Homa Bay nilihamishwa Migori, kwa ofisi ambayo sitaitaja, kwa sababu bado nakula pensheni yao. Bosi pale alikuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano, mama mwembamba, mwepesi, anayetembea kama mtu amesikia nyumba yake inaungua. Ofisi ilikuwa na websaiti ya kuonyesha sera na sheria zilizobadilika, lakini ilikuwa kama stoo. Unafungua, unapata karatasi zilizopigwa picha, zingine kichwa chini, moja ina alama ya kikombe cha chai. Mkurugenzi akasema tunaitengeneza upya, websaiti pamoja na databesi. Databesi, kwa sisi wa kidole, ni kabati ya faili yenye akili: unaiuliza swali, inakuletea faili.

Akaniita kwa kamati. "Mzee, wewe utakuwa mwakilishi wa mwananchi. Ukielewa wewe, kila mtu ataelewa."

Sikujua kama ni sifa ama matusi. Nikakubali.

Kazi yenyewe aliifanya Injinia, kijana kutoka Pwani, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Siku ya kwanza aliniambia, "Shikamoo mzee," nikajibu, "Poa." Kumbe huko kwao nimetukana. Mikutano ilikuwa inanimaliza. Mimi nimezoea kutembea, sasa nimewekwa kwa kiti cha ofisi cha magurudumu mchana mzima, mguu inapiga sakafu mpaka chai inamwagika kwa vikombe vya wenzangu. Injinia anaeleza: kila sheria ina toleo, yaani kama ni ile ya kwanza ama iliyobadilishwa, kila toleo lina tarehe ya kuanza, na hapa juu kuna kisanduku cha kutafuta, unaandika neno, jibu linakuja. Mimi naangalia dirisha. Kitu kimoja tu nilielewa, nikasimama kabisa kukiuliza.

"Yaani mtu ataandika kitu yake, na kama imebadilika, itatokea?"

"Itatokea, mzee."

"Isipotokea?"

"Inaandika 'Hakuna matokeo.'"

Hapo nikaachiliwa nitoke nje kueneza habari, na nilikimbia kama ndama amefunguliwa kamba. Nilizunguka masoko na beach zote, nikiwa sina gundi, nina mdomo tu. Upande wa Karungu nilisimama juu ya kreti nikawaambia, "Hii websaiti, hata serikali ikikohoa, itasikia. Ukiona imesema hakuna, jua hakuna. Lala usingizi." Watu wakapiga makofi. Nilijisikia waziri.

Kati ya waliopiga makofi alikuwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Huyu ni mjane, na boti moja na wavu moja ndiyo ilikuwa inasomesha watoto wake wanne. Alikuwa na simu nzuri kuliko ya Mkurugenzi. Sasa, kila mwaka uvuvi wa omena, wale samaki wadogo wa ziwa, unafungwa kwa muda, ili omena izaane. Siku ya kufungua watu wanaijua kama siku ya Krismasi. Mwaka huo ikakaribia, na Nyar Karungu, kwa sababu ni mtu makini, akanipigia.

"Jaote, nimesikia fununu eti wameongeza wiki mbili. Nimeandika omena kwa hiyo websaiti yako. Imesema hakuna matokeo."

"Si nilikuambia? Hakuna ni hakuna."

"Una hakika?"

"Kama kuna, nikate masikio."

Siku ya kufungua ilipofika, vijana wake wa boti wakaingia ziwa usiku. Asubuhi boti ya doria ilirudi inavuta boti ya Nyar Karungu kwa kamba kama mbuzi. Wiki mbili zilikuwa zimeongezwa kweli. Afisa wa Uvuvi akashika boti na wavu, akasema wavu utachomwa Ijumaa mbele ya watu wote, iwe funzo.

Nyar Karungu alinipigia Jumatatu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jaote, wameshika wavu," na mimi nikasikia ndege wa ziwa wakilia kwa simu.

Nilitoka nyumbani nikiwa nimevaa kiatu moja ya kahawia na moja nyeusi. Nikaingia ofisini, nikamsukuma Injinia kidogo, nikaandika kwa kidole: o, m, e, n, a. Hakuna matokeo.

"Injinia, hiyo sheria ya wiki mbili mliiweka?"

"Tuliiweka mzee, siku ile ile. Hebu andika dagaa."

Nikaandika dagaa. Ikatokea, na tarehe, na muhuri, na picha ya samaki anacheka.

"Sasa nani huku anasema dagaa?"

"Ndicho Kiswahili sanifu, mzee."

"Huku ukiitisha dagaa sokoni utaulizwa umevuka mpaka lini. Mbuta je?"

"Tumeandika sangara."

"Na boda boda?"

"Pikipiki ya kubebea abiria," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka mpaka kwa goti.

Tukaenda kwa Mkurugenzi. Nikamwomba aandike barua, Afisa wa Uvuvi ajue huyu mama aliuliza na sisi ndio tulimjibu vibaya. Alikataa akiwa anatembea, mimi namfuata nyuma, tunazunguka meza kama watoto wanakimbizana.

"Mzee, sheria haimngojei mtu aitafute kwa jina la nyumbani kwao. Na tukisema websaiti imekosea, imekufa kabla haijajua kutambaa."

"Mkubwa, nilimwambia mimi. Aliamini mdomo yangu."

"Basi ujibu na hiyo mdomo yako."

Jumanne mguu haikutulia hata dakika. Nilitembea kutoka ofisi mpaka soko nikarudi, sijui mara ngapi, mpaka watu wa boda boda wakaniuliza kama nimeanza kufanya rauti kama matatu. Jumatano Injinia aliniita. Alikuwa amefungua kitu anaita rekodi ya utafutaji, mahali databesi inaandika kila neno ambalo watu wameuliza, na saa waliyouliza. Ukurasa wote ulikuwa omena. Omena, omena, Omena, omenaa, omena imefunguliwa, omena tafadhali. Na kando ya kila moja, hakuna matokeo, hakuna matokeo. Ilikuwa kama watu wamesimama kwa mlango wanabisha, na sisi tuko ndani tunakula.

Injinia alisema polepole, "Na mimi nilidhani hawatumii."

Akapiga chapa, akampelekea Mkurugenzi. Mama huyu alisoma akiwa amesimama, halafu akaketi. Mimi sikuwa nimewahi kumwona ameketi. Akaandika barua kwa mkono wake, akagonga muhuri, akanipa. "Peleka. Harakisha."

Alhamisi mchana nilishuka pale beach ya Karungu nikiwa kwa boda boda, vumbi mpaka kwa meno. Moshi niliuona mbali. Nikafikiri ni mtu anachoma taka.

Afisa wa Uvuvi alisoma barua yote, akaikunja vizuri. "Mzee, hii ni barua nzuri. Boti nitamrudishia sasa hivi. Lakini wavu tumemaliza kuchoma."

"Si mlisema Ijumaa?"

"Ratiba ilibadilika."

"Mlibandika wapi?"

Akaonyesha nyuma ya mlango wa ofisi yake. Ilikuwa pale kweli, na muhuri. Mlango ukifunguliwa, haionekani.

Nyar Karungu alikuwa amesimama kando ya majivu, mikono nyuma. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, hiyo ndiyo dawa yangu ya siku zote, lakini nikavua kofia tu.

"Jaote," akasema, "ulisema hata serikali ikikohoa."

"Nilisema."

"Siku nilikupigia, ulijua hakuna sheria? Ama hukujua tu kama iko?"

Nimeulizwa maswali na mabosi wa kila aina, lakini hilo ndilo swali gumu kuliko yote.

Websaiti ilitengenezwa tena. Safari hii Injinia alikaa na mimi sokoni siku nyingi, anaokota maneno: omena, mbuta, boda boda, na maneno ya Wakuria upande wa Isebania. Kila sheria ikapewa lebo, yaani majina yake yote ya mtaani, ukiita moja inaitika. Na pale palipokuwa pameandikwa hakuna matokeo, nilipigana kama simba. Mkurugenzi alitaka maneno mafupi, mimi nikasema nitalala mlangoni kwake na blanketi. Sasa imeandikwa: "Hatujaona neno hilo. Si kusema hakuna sheria. Piga simu utuulize." Hiyo ndiyo kitu pekee nimeandika maishani mwangu, na sikutumia gundi.

Nilistaafu. Wanakuambia ukistaafu utapumzika, lakini mimi kupumzika kunaniumiza mgongo. Naamka, nazunguka boma, bibi yangu ananifukuza nisimchoshe kuku, natafuta safari. Mara nyingi safari inaishia Karungu. Nyar Karungu alishona wavu mpya kipande kwa kipande, dada zake wakimsaidia, na boti inafanya kazi. Ananisalimia vizuri. Lakini tangu siku ile ya majivu hakuwa amenikaribisha kiti. Nilikuwa nasimama pale namwangalia akianika omena, nazungumza, nachoka, naenda.

Juzi nilimkuta hivyo hivyo. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Jaote, watu wanasema wamebadilisha saizi ya macho ya wavu. Ni kweli?"

Mdomo ilishafunguka. Nilikuwa na hadithi tayari, tamu, na ndani kuna waziri na ngamia. Nikaimeza.

"Sijui," nikasema.

Akainua kichwa akaniangalia. Halafu akasukuma kreti kwa mguu mpaka ikanifikia, akafuta mikono kwa leso, akatoa simu.

"Kaa basi, tutafute."