Kiingereza cha Goti la Mwalimu Jedida

Harusi binti Muhdhar ndiye msichana wa kwanza wa Mambrui kwenda Nairobi kusomea tiba ya viungo. Lakini mwaka wa 1985 alirudi Malindi kujifunza kazi hospitalini, uso chini. Mtihani wa kuandika ulikuwa umemwangusha. Mikono yake kila mkufunzi aliisifu. Kiingereza ndicho kilichomponza. "Mambo unayajua," mmoja wao alimwambia, "lakini unaandika kama mtu anayepiga soga na jirani. Nusu mwaka, kisha urudie."

Wiki ile ile akaletwa Jedida, mwanamke wa bara aliyefundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa amevunjika mguu, na plasta ilipotolewa goti lilikuwa limekaza kama gogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nitatembea tena?"

"Utatembea, inshallah. Ila nina ombi." Harusi aliushangaa ulimi wake mwenyewe. "Nawe unifundishe kuandika Kiingereza cha vitabuni."

Jedida akacheka. "Haya. Kila ukiniumiza, utanieleza kwa Kiingereza ni kwa nini."

Ndivyo darasa lilivyoanza, palepale kwenye kitanda cha mazoezi. Harusi hulikunja goti, na Jedida, machozi yakimlenga, huuma upindo wa leso, kisha humsahihisha Kiingereza chake.

"Umesema goti linaendelea vizuri. Vizuri vipi? Umelipima?"

"Jana lilikunjika kidogo, leo limezidi."

"Basi andika lilivyokunjika jana na lilivyokunjika leo. Hiyo 'vizuri' mwachie shangazi yako."

Siku nyingine akamwuliza, "Umeandika kwamba mazoezi yameuponya mguu. Wajuaje kama si siku tu zilizopita?"

Harusi hakuwahi kujiuliza. Alirudi nyumbani akilitafuna swali lile, na hapo ndipo alipong'amua kuwa kilichomshinda siku zote hakikuwa yale maneno marefu. Ni kule kutenga alichokiona na alichokidhania, na kukiri asichokijua. Tangu hapo sentensi zikaanza kumtii.

Jedida naye akaacha gongo moja la kutembelea, kisha la pili. Harusi akapanda kwenda Nairobi, akaandika mtihani, halafu akasimama mbele ya watahini watatu kueleza habari za mgonjwa wake: mwalimu, goti lililokaza baada ya plasta.

"Kwa hiyo," mtahini mmoja akauliza kwa Kiingereza, "unadai mazoezi yako ndiyo yaliyomponya?"

Zamani angedakia kusema ndiyo. Akavuta pumzi. "Matokeo yanaelekea huko," akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, "lakini mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha."

Watahini wakatazamana. Mmoja akavua miwani, akatabasamu.

Harusi alifaulu. Aliporudi Mambrui alimkuta babake, Muhdhar, mshona kofia asiyejua Kiingereza hata cha salamu, amealika wanaume wa mtaa baada ya sala ya Ijumaa.

"Mwanangu, hebu waeleze kwa hicho Kiingereza chenu jinsi goti linavyotibiwa."

Harusi akaona haya, kisha akainua kichwa, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeambulia kitu, ila walitulia kama wasikilizao hotuba. Muhdhar akawatazama wageni wake mmoja mmoja, kifua mbele.

"Hebu rudia, mwanangu," akasema. "Polepole."